Injini ya Boti kwenye Gari la Shangazi

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Semina ya madaktari wa mifugo, siku tisa. Ameniachia nyumba, kuku watatu na kigari chake cha kupandia milima. Kuku nimeruhusiwa kuwagusa.

Kigari anakiita Kobe. Kifupi, kijani, nyuma wazi, magurudumu yote manne yanavuta. Ndicho kinachompeleka kwa wafugaji wa kule juu, ambako hata pikipiki hugoma njiani. Amri zake: nimfute Kobe vumbi kila asubuhi, nisimwashe, nisikae ndani, nisimwegemee. Nikasema sawa Shangazi. Akasema "sawa" yangu anaijua.

Kwenye droo ya kabati la vyombo kuna fomu yangu ya chuo cha ufundi. Nafasi nimeshapata, ya ufundi wa magari, tena bila kuhonga mtu. Natakiwa kuripoti tarehe 17 fomu ikiwa mkononi, na fomu inataka sahihi ya mlezi. Mlezi ni Shangazi, tangu shule iliponishinda kidato cha pili (yeye husema mimi ndiye niliyeishinda shule). Atasaini akirudi, akimkuta Kobe alivyomwacha. La sivyo narudi kwa baba kufyatua matofali hadi mgongo upinde.

Shangazi namwogopa tangu nipate akili. Si mtu wa kufoka. Ni ile mikono. Mkono wake wa kulia umeshawahi kuingia ndani ya ng'ombe mpaka begani ukatoka na ndama. Mtu wa namna hiyo humdanganyi hivi hivi. Unajipanga kwanza.

Nimefuta vumbi. Nimeegemea kidogo.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwasha. Yaani nimejaribu.

Kosa ni la Bisibisi. Huyu ni mwenzangu gereji, sote wasaidizi wa Fundi Mkuu, na naye kapata nafasi chuo kilekile. Fomu yake imeshasainiwa na baba na mama, anatembea nayo kwenye mfuko wa nailoni kama cheti cha ndoa. Kapita nyumbani kanikuta na kitambaa. Akaniita Injinia wa Vumbi. Nikamwambia hilo gari naliendesha mimi kila siku, Shangazi huja kuniomba ufunguo. Akasema basi liwashe tusikie.

Mtu na heshima zake angefanyaje?

Nikazungusha ufunguo. Krrr, halafu TOK! Kimya. Nikarudia. Tok. Nikafungua boneti, nikashika feni kwa mikono miwili, nikavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haisogei hata unywele.

Nina uzoefu wa miaka miwili. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Injini isiyozunguka imekufa, imeshikana huko ndani, basi. Bisibisi hakucheka. Alivua kofia akasema kwa sauti ya chini, "Umeua, ndugu yangu." Kwa kweli hiyo kofia ndiyo iliyonitia baridi. Bisibisi havui kofia hata akioga.



Jumatano, 5 Juni

Akili yangu hufanya kazi vizuri ikiogopa. Nimeamka na mpango.

Shangazi anajua ng'ombe. Injini haijui. Akikanyaga, gari likaenda, kwake hiyo ni injini. Basi nitaweka nyingine, na hatajua milele.

Asubuhi nikaenda kwa Mzee wa Vyuma, nyuma ya soko. Uwanja wake umejaa kila kitu kilichowahi kufa. Ana injini mbili ndogo za petroli, pacha, zilizotoka kwenye boti la abiria lililooza. Nikachagua yenye kutu kidogo. Makubaliano: yeye achukue injini iliyokufa ya Kobe pamoja na baiskeli yangu. Nikabishana naye saa nzima, jasho likimtoka, mpaka akakubali kuniachia kengele ya baiskeli. Watu wengi hawajui kubishana.

Kumtoa Kobe nyumbani hakukuwa tabu, njia ya gereji ni mteremko. Gia ikiwa huru tukamsukuma mimi na Bisibisi. Bisibisi amekubali kufunga mdomo kwa sharti moja: nimfulie ovaroli zake mpaka siku ya chuo. Ovaroli zake zinasimama zenyewe kwa grisi.

Kikwazo kilikuwa Fundi Mkuu. Bahati nzuri yuko chini ya lori la mawe tangu Jumatatu, inaonekana miguu tu. Nikaisalimia miguu. Nikaiambia Shangazi ameagiza Kobe abadilishwe injini. Miguu ikauliza kama mama daktari kakubali kweli. Nikasema kanisihi. Ikauliza kama injini hiyo mpya nimeizungusha kwa mkono.

Hii ni desturi ya Fundi Mkuu. Hakuna injini inayoingia kwenye gari lake kabla hujaizungusha mara tatu kwa spana, polepole, ukiisikiliza kama mtoto mwenye kikohozi. Kazi ya wazee. Nikasema nimeizungusha mara tatu.

Miguu ikaomba spana namba kumi na saba. 

Alasiri Shangazi kapiga simu. Anauliza Kobe hajambo. Nikasema amelala. Huo si uongo.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi! Kuanzia alfajiri hadi jua linazama. Winchi ya mnyororo, jeki mbili, vidole vyangu kumi (sasa tisa na nusu vinavyokunjika).

Injini ya zamani imetoka. Ilining'inia kwenye mnyororo ikinizungukia polepole kama inayotafuta ni nani aliyeiua. Nikageuza uso. Mkokoteni wa Mzee wa Vyuma ukaichukua, na baiskeli yangu juu yake.

Injini ya boti haikutaka kukaa kwenye gia boksi. Matundu manne huku, sita kule. Mchomeleaji wa jirani akanikatia bamba la chuma la kuziunganisha. Rejeta nimeifunga kwa mabomba ya mpira. Bomba la moshi linatokea karibu na goti la dereva, lakini Shangazi huvaa buti.

Nimeipaka rangi nyekundu yote. Mbele palikuwa na kialama fulani, kimshale hivi, kimetokeza kwenye chuma. Kinaharibu sura. Nikakipiga rangi mara tatu mpaka kikalala.

Boneti haifungi. Nimeikaza kwa mpira wa tairi.

Bolti mbili zimebaki. Nimepekua kila mahali sioni zilikotoka. Nimeziweka mfukoni na kila nikitembea zinagongana, na kila zikigongana moyo unanipasuka.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi: injini imewaka! Mara ya kwanza! Inanguruma kama simba aliyepewa habari njema. Wapita njia wakasimama.  Nikamwambia Bisibisi achukue daftari aandike, chuo atafundishwa haya mwaka wa tatu.

Nikakaa kwenye usukani. Gia ya kwanza. Nikaachia klachi kwa madaha.

Kobe akarudi nyuma.

Nyuma yake kulikuwa na makopo ya Fundi Mkuu. Makopo mia moja na tisini. Nati na bolti za miaka ishirini na miwili, kila saizi na kopo lake, kila kopo na mahali pake. Anazijua kwa kidole gumba, taa ikiwa imezimika. Yote chini. Sauti yake sitaisahau. Ilikuwa kama mvua ya mawe, haitaki kwisha.

Nikadhani nimekosea gia. Nikaweka ya pili. Kobe akarudi nyuma kwa kasi zaidi, akamaliza rafu iliyobaki. Nikaweka ile ya kurudi nyuma. Akaenda mbele, kwa adabu, polepole.

Bisibisi alikaa juu ya tairi akashika mbavu. Machozi yakamtoka.

Kisha miguu ya Fundi Mkuu ikatoka chini ya lori, na mara ya kwanza tangu Jumatatu mwili wote ukaifuata. Akatazama makopo. Akatazama Kobe. Akaenda kunawa mikono. Alinawa kwa muda mrefu mno. Nilisimama pale nikipima umbali hadi geti.

Aliporudi akachukua msumari, akakwangua rangi yangu mbele ya injini. Mshale ukatokea.

Akaeleza polepole, kama anayezungumza na mgonjwa. Boti lile lilikuwa na injini mbili, na moja hutengenezwa izunguke kinyume cha mwenzake ili boti lisiende upande. Mimi nimechagua ile ya kinyume. Kwa hiyo sasa Kobe ana gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Ningeizungusha kwa mkono, mshale ningeuona.

Nikasema lakini ile ya zamani ilikuwa imekufa, nisingeweza kuiacha. Akauliza ilikufaje. Nikamweleza lile tok.

Akafumba macho. "Uliweka gia ukalisukuma gari nyuma kidogo?"

Nikasema hapana, Fundi.

"Hiyo ni stata imeng'ang'ania meno ya gurudumu la injini. Unaweka gia, unalitikisa gari, inaachia. Dakika moja."

Dakika moja.

Yaani nimempa Mzee wa Vyuma injini nzima ya Shangazi, hai, na baiskeli juu.

Fundi Mkuu kaniamuru mambo mawili: nipange makopo yote, na nikairudishe injini ya watu. Halafu akarudi chini ya lori. Nadhani alikwenda huko kujizuia.

Jumamosi, 8 Juni

Geti la Mzee wa Vyuma limefungwa kwa kufuli. Jirani anasema kasafiri kwenda kuzika, anarudi Jumanne. Nikachungulia kwenye tundu. Injini ya Shangazi iko pale, juu ya pipa, hatua kumi tu. Mbwa wake naye yuko pale. Tulitazamana. Nikaufyata.

Saa nane Shangazi kapiga. Sauti ya haraka. Kule juu ng'ombe wanaanguka, ugonjwa umeingia kwenye zizi la kwanza, semina ameikatiza. Anafika kesho mchana na sanduku la chanjo. Jumatatu alfajiri anapanda na Kobe.

Nikauliza kama kuna usafiri mwingine. Akasema kule juu usafiri mwingine ni miguu, na barafu ya chanjo haimsubiri mtu. Halafu akauliza kwa nini nauliza. Nikasema nilikuwa nawaza tu mambo ya usafiri.

Nimekaa sakafuni gerejini. Nimefikiria kutoroka, viatu vyangu vimeanikwa. Nimefikiria kuugua, lakini yeye ni daktari, na sindano zake ni za ng'ombe. Nimefikiria kusema ukweli. Nikaacha.

Makopo yaliyopangwa: arobaini na moja. Bisibisi amepita kunikumbusha ovaroli.

Jumapili, 9 Juni

Nimemrudisha Kobe nyumbani kwa gia yake moja ya mbele, asubuhi watu wakiwa bado ndani. Nimemwegesha mgongo ukielekea banda la kuku.

Shangazi kafika saa saba. Nikamwamkia shikamoo mara nne. Alizunguka gari taratibu, mkono ukipita juu ya bati kama anavyompapasa ng'ombe mwenye mimba. Akafika kwenye mpira wa tairi. Akauliza wa nini. Nikasema upepo.

Nilikuwa nimeapa kusema kila kitu wakati wa chakula. Maneno nimeyapanga mdomoni. Lakini yeye akaanza kunisifu. Kuku wamenenepa. Kobe anang'aa. Akasema baba yako alinionya juu yako, nami nitampigia nimwambie umebadilika. Akatoa fomu kwenye droo akaiweka mezani, kalamu juu yake. Atasaini kesho jioni tukitoka milimani, kwa raha zake. Na mimi nitafuatana naye kushika ng'ombe.

Maneno yote yakateremka tumboni pamoja na wali.

Sasa ni jioni. Kalamu iko palepale mezani. Kila nikipita naiona inanitazama.

Jumatatu, 10 Juni

 

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa garini, sanduku la chanjo katikati yetu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara zote tatu nikapiga miayo. Shangazi akawasha. Akainamisha kichwa, akasema leo anaguruma kiume. Akaweka gia ya kwanza.

Kuku wote wazima. Banda ndilo halipo.

Akazima. Manyoya yanashuka.

"Hii ni nini?"

"Injini, Shangazi."

"Ya nani?"

"Ya boti."

Akanitazama. Mimi nikatazama buti zake. Nikasubiri ule mkono wa kulia. Lakini yeye akageuka akafunua sanduku, akagusa barafu, akatazama saa yake. Barafu ya kufika saa sita mchana, si zaidi.

"Ya kwenda mbele iko wapi?"

"Ni ile ya nyuma, Shangazi."

Akaiweka. Tukaondoka.

Gia hiyo haikutengenezwa kwa safari. Kila tukipita shimo ilichomoka, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuishikilia kwa mikono miwili, kifua juu ya sanduku. Mwendo wa maiti. Tulipitwa na wanafunzi. Tulipitwa na mama mwenye ndoo kichwani, akatusalimia, akatuaga. Shangazi hakusema neno hata moja, kilomita kumi na nne. Ningelipa nitukanwe.

Chini ya mlima gia ikagoma kabisa. Naishikilia, inachomoka, nailalia, inanirusha. Shangazi akasimamisha gari, akaangalia juu. Njia ile ni ya gari moja, upande huu ukuta wa mlima, upande ule bonde ambalo chini yake miti inaonekana kama mboga. Akaangalia saa. Saa tatu na robo.

Akageuza gari. Nikapumua, nikajua tunarudi nyumbani. Kumbe anaelekeza mgongo mlimani.

Akaniambia nikasimame nyuma, nishike bomba la ukingo, nimwelekeze. Nikaanza kulia: Shangazi, mimi kizunguzungu. Akasema kizunguzungu chako ni chako, ng'ombe ni wa watu.

Tukapanda kinyumenyume. Kwa kurudi nyuma Kobe ana nguvu za ajabu, gia ya kwanza kamili, mawe yanaruka. Mimi nimening'inia mwishoni kabisa, chochote tutakachokigonga nitakuwa wa kwanza kukijua. Kona ya kwanza nikapiga kelele kushoto, yeye kwenye kioo akaona kwingine, gurudumu likakata ukingo. Jiwe likadondoka. Nililisubiri litue. Sikulisikia likitua.

Akashika breki. Akasema bila kugeuka, sauti ileile anayotuliza nayo ndama:

"Usiniambie kushoto wala kulia. Niambie bonde au mlima."

Basi ikawa hivyo, kona ishirini na tatu. Naita "Bonde, Shangazi", usukani unahama. Naita "Mlima, Shangazi", kioo kinakwaruza ukuta. Kwenye kona moja niliona hewa tupu chini ya kiatu changu. Nikaita "Bonde" kwa sauti ya panya. Akaisikia. Nimewaahidi watu mbalimbali wa mbinguni mambo mengi leo, sitayaandika hapa yasije yakadaiwa.

Tulifika saa tano kasoro, makalio mbele. Wafugaji walikuwa wamejipanga na mifugo yao. Mzee wao akatutazama, akaegemea fimbo.

"Daktari, tumekukosea nini leo mpaka utupe mgongo?"

Shangazi akashuka akavaa glavu. "Muulize mpwa wangu, yeye ndiye fundi."

Wakanigeukia wote. Nikasema ni teknolojia mpya.

Ng'ombe themanini na tatu. Nimeshika kila mmoja. Kulikuwa na dume jeusi lenye pembe hivi, siku nyingine ningelikimbia hadi kwetu. Leo nililikumbatia shingo na sikutaka kuliachia, maana likiisha tunashuka.

Tulishuka kwa kwenda mbele, mguu wa Shangazi kwenye breki na mimi juu ya gia. Sikumbuki. Nilifumba macho.

Nyumbani aliichukua ile fomu mezani. Akaitazama. Akairudisha kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo, akaenda kuoga.

Jumanne, 11 Juni

Mzee wa Vyuma karudi. Amekubali kubadilisha tena injini kwa injini. Baiskeli haijatajwa, nami sikuwa na uso wa kuitaja.

Fundi Mkuu ametoka chini ya lori kwa ajili yangu. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akanitazama nikitoa nyekundu na kurudisha ya zamani. Hakugusa kitu. Kila nilipopeleka mkono pasipo, alikohoa. Nimekoholewa mara sitini. Mwisho akanipa spana, nikaizungusha injini kwa mkono, moja, mbili, tatu. Jasho linadondoka juu yake. Nikawasha. Ikaimba.

Shangazi alikuja kuchukua gari. Alizungumza na Fundi Mkuu pembeni ya lori kwa muda mrefu, wote wawili wakiniangalia kama wanaonunua mbuzi. Mimi nasikia moyo wangu tu. Bisibisi, aliyekuwa karibu zaidi, anasema amesikia wazi neno "matofali". Kisha akaniuliza kwa upole kama kule kwa baba mnapewa glavu.

Zimebaki siku sita. Droo bado imefungwa.

Jumatano, 12 Juni

Shangazi ameniita baada ya chai. Fomu iko mezani. Kalamu anayo mkononi. Nikasimama kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Akauliza chuo kiko umbali gani. Nikasema siku nzima kwa basi, Shangazi. Akauliza kama tunalala hukohuko. Nikasema ndiyo, bwenini. Na likizo? Mara mbili kwa mwaka.

Akasaini. Alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Nilitaka kutoka mbio kabla hajafikiri tena. Akaniambia kaa.

"Sijakusainia kwa sababu umetengeneza. Umeharibu, ukadanganya, ukaacha nikae kwenye gari silijui. Hilo tutaongea ukirudi likizo, na utakuwa umejenga banda la kuku. Nimekusainia kwa sababu ya ile kona yenye hewa. Nilikuwa nakuona kwenye kioo. Ulikuwa unatetemeka kama jani, na hukuruka. Ungeruka, baba, ningekupeleka kwenye matofali leo hii."

Ameniita baba. Nikainama kufunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Nakiri hapa tu, kwa sababu daftari hili nalificha chini ya godoro: niliruka. Mara mbili. Ovaroli yangu ilikuwa imenasa kwenye ndoano ya nyuma ya kuvutia magari, haikuachia. Nilipofika juu ilibidi mfugaji mmoja anichomoe.

Sikumwambia. Alikuwa na furaha.

Jumamosi, 15 Juni

Basi ni leo saa nane mchana. Begi limefungwa. Fomu iko mfukoni, na kila baada ya muda naipapasa. Bisibisi ameshawahi siti ya dirishani, na amevaa ovaroli niliyoifua mimi ili watu wa chuo waione. Sijali. Nikifika huko wataelewa wenyewe ni nani fundi na ni nani wa kushika daftari.

Shangazi amepanda milimani alfajiri kumaliza mazizi yaliyobaki. Kobe alitangulia kwa pua. Kaniaga vizuri, kanipa sanduku lake la safari, kanishika bega kwa ule mkono. Anarudi saa tisa, atanikosa. Ni vizuri hivyo, kuagana mara mbili kunaumiza.

Nyumba imetulia. Kwa kuwa imetulia ndiyo nikasikia: friji la chanjo pale varandani linatoa mlio. Trrr, linanyamaza, trrr. Chanjo zote kaenda nazo, ndani ni tupu, ila akirudi ataweka zilizobaki. Na kama litazima usiku peke yake? Masikini Shangazi. Moyo ulinidunda kwa kumwonea huruma. Halafu ningefika chuo, wakaniuliza nimewahi kutengeneza nini, ningejibu nini?

Mlio huo naujua. Ni bolti imelegea, kazi ya dakika moja. Nimelichomoa ukutani kwanza, kwa usalama, siku hizi mimi ni mtu wa tahadhari. Nimeligeuza. Nyuma kuna kitu cheusi cha mviringo kama chungu, na mabomba membamba ya shaba, na nati sita.

Sasa ni saa sita na nusu. Naogopa kidogo, lakini si sana. Nati tano nimeshazifungua. Hii ya sita inapuliza hewa ya baridi, kwa nguvu, na haitaki kuacha. Nadhani ndiyo kazi yake.